FUNDI ALIYESIMAMA NYUMA YA DAKTARI

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu akisifiwa kwa ustadi wake, wengi hudhani kwamba alizaliwa nao. Kumbe aghalabu uliundwa polepole, kwa juhudi zake na kwa msaada wa mkubwa wake wa kazi. Habari za Vivien Thomas wa Marekani zatuonyesha jambo hili.

Thomas, mtu mweusi, alizaliwa mwaka 1910, akakulia mjini Nashville. Baba yake alikuwa seremala, naye akajifunza kazi hiyo tangu utoto. Alitamani kuwa daktari, akaweka akiba ya masomo. Lakini dhiki kuu iliyoanza mwaka 1929 ikamwondolea kazi, kisha benki ikafilisika, na akiba yake ikapotea.

Mwezi wa Februari 1930 Daktari Alfred Blalock alimwajiri katika chumba chake cha majaribio, Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Alimfundisha kupasua wanyama, kupima, na kuandika matokeo. Hata muda si mrefu Thomas akaweza kuzifanya kazi hizo peke yake. Siku moja alikosea, na Blalock akamkaripia kwa matusi. Kijana akamwambia kwa utulivu kwamba hakulelewa kusemeshwa hivyo, na kama ndiyo desturi, yeye ataondoka. Blalock akamwomba radhi, wala hakurudia tena. Basi tazameni: aliyekwisha kuijua thamani ya mikono yake aliweza pia kuilinda heshima yake.

Mwaka 1941 Blalock aliitwa kwenda Johns Hopkins, mjini Baltimore, akamchukua Thomas pamoja naye. Huko Daktari Helen Taussig aliwaeleza habari za watoto wachanga ambao midomo na kucha zao hugeuka buluu, maana damu yao haifiki mapafuni kwa kadiri inayotosha. Thomas alifanya majaribio mengi kwa mbwa, mpaka akapata njia ya kuunga mshipa wa damu uendao mkononi na ule uendao mapafuni. Hata baadhi ya vyombo vya kazi hiyo alivitengeneza yeye.

Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alimpasua mtoto wa kwanza. Alitaka Thomas awepo. Naye akasimama juu ya kigoda nyuma ya bega lake, akimwelekeza hatua kwa hatua. Daktari mkuu hakuona haya kumwuliza mtu asiye na shahada, kwa kuwa alijua nani aliyeifanya kazi ile mara nyingi zaidi.

Lakini hapa pana aibu. Kule Vanderbilt mtu huyu aliandikwa na kulipwa kama mfagizi. Na taarifa ya upasuaji ule ilipochapwa mwaka 1945, jina lake halikutajwa. Alingoja mpaka mwaka 1976 ndipo Johns Hopkins ilipompa shahada ya heshima na cheo cha mwalimu wa upasuaji. Alifariki mwaka 1985, amekwisha kuwafundisha mabingwa wengi wa upasuaji.

Ewe uliye na watu chini yako, mfundishe mtu kazi, kisha umwachie aifanye. Ndivyo atakavyopata kujiamini. Lakini usiishie hapo: mlipe ujira wa kazi anayoifanya, ukamtaje mbele ya watu. Nawe mfanyakazi, usipime uwezo wako kwa jina la cheo ulichoandikiwa.