Printa na Programu Huria: Safari ya Kuelekea Lugha Moja

Historia ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza, haitenganishiki na printa. Mnamo mwaka 1980 hivi, maabara ya akili bandia ya MIT nchini Marekani ilipata printa ya leza ya Xerox ambayo programu yake ilikuja bila msimbo. Richard Stallman, ambaye hapo awali aliirekebisha programu ya printa iliyotangulia ili iwaarifu watumiaji karatasi inapokwama, hakuweza tena kufanya hivyo, na mtafiti aliyekuwa na msimbo huo alikataa kumpa kwa sababu alikuwa ameahidi kutunza siri. Tukio hilo lilichangia uamuzi wake wa kutangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983.

Hata hivyo, uwazi wa msimbo peke yake haukurahisisha uchapishaji. Mifumo ya Linux ya miaka ya 1990 ilirithi kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, programu ya LPD, iliyopanga kazi katika foleni na kuzipeleka kwenye printa moja baada ya nyingine. Kila printa ilielezwa katika faili lililoitwa printcap kwa vifupisho vya herufi mbili vilivyotenganishwa kwa nukta pacha: sd ilitaja saraka ya kazi zinazosubiri, mx ukubwa wa juu wa faili, na if chujio, yaani programu ndogo ya kugeuza waraka uwe katika umbo ambalo printa inalielewa. Kosa dogo la uandishi liliweza kuisimamisha foleni nzima, na karani asiyeyajua mambo hayo hakuwa na la kufanya ila kumngoja fundi. Mzigo mzito zaidi ulibebwa na Ghostscript, kazi ya L. Peter Deutsch ya mwaka 1988, iliyoigeuza PostScript, lugha ya Adobe ya kuelezea kurasa, kuwa vitone ambavyo hata printa ya bei nafuu iliweza kuvichapa. Mchango huo unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Mwaka 1999 Michael Sweet alitoa CUPS, mfumo uliojengwa juu ya IPP, itifaki inayoongoza mazungumzo ya kompyuta na printa mtandaoni. Mtumiaji alifungua kivinjari, akaingia kwenye mlango namba 631 wa kompyuta yake, akachagua aina ya printa kwenye orodha. Apple iliuingiza mfumo huo katika Mac OS X mwaka 2002, kisha ikaununua msimbo wake mwaka 2007.

Ilibaki adha ya draiva, programu inayoijulisha kompyuta namna ya kuendesha printa fulani, kwa kuwa waandishi wa kujitolea hawakuweza kwenda sambamba na viwanda vilivyotoa aina mpya kila mara. Kiwango cha IPP Everywhere cha mwaka 2013 kiliugeuza wajibu: printa yenyewe hutaja ukubwa wa karatasi, rangi na uwezo wake wa kuchapa pande mbili, nayo kompyuta hutuma waraka katika umbo lililokubaliwa na wote.

Sweet alipoondoka Apple mwishoni mwa mwaka 2019, uendelezaji wa CUPS ulihamia mradi wa OpenPrinting, unaoongozwa na Till Kamppeter. Printa kuukuu zisizoijua IPP sasa zinaweza kuwekewa programu inayosimama kati yake na kompyuta na kujitambulisha kama printa ya kisasa, huku draiva ileile ya zamani ikiendelea kufanya kazi ndani yake.