Fundi wa Ngozi na Viti vya Motokaa

Wazee walisema, "Kazi mbaya si mchezo mwema." Methali hii naikumbuka kila nifikapo Rukanga, kijiji kilicho chini ya Mlima Kasigau katika Kaunti ya Taita Taveta. Msafiri aendaye huko huiacha barabara kuu ya Mombasa na Nairobi pale Maungu, akashika njia ya vumbi jekundu katikati ya vichaka vya miiba. Siku moja mzee mmoja wa huko alinieleza huzuni yake. Mwanawe alimaliza kidato cha 4, na sasa yuko mjini Voi, kazi yake ni kutengeneza viti vya ngozi vya motokaa na kuvipaka rangi upya. "Mwalimu," aliniuliza, "niliuza mbuzi nikalipa karo ili mwanangu apake rangi mahali pa kukalia matajiri?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimeitafuta historia ya kazi ile, na haya ndiyo niliyoyapata.

Ngozi ya mnyama ikiachwa kama ilivyo huoza, au hukauka ikawa ngumu kama ubao. Ili idumu na kulainika sharti idabighiwe, yaani itiwe dawa ya kuizuia isioze. Kwa karne nyingi dawa hiyo ilitoka katika magome ya miti. Hata mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji ilibanduliwa magome, yakapakiwa melini na kupelekwa ng'ambo kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa New York, Marekani, alipata hataza ya njia mpya ya kutumia chumvi za madini ya kromi. Kazi iliyochukua majuma mengi ikawa ya siku chache, na njia ya kromi ndiyo itumikayo kwa ngozi nyingi duniani hata leo.

Karl Benz alipopata hataza ya motokaa yake nchini Ujerumani mwaka 1886, hapakuwa na fundi yeyote duniani aliyeitwa fundi wa viti vya motokaa. Walioitwa kuifanya kazi hiyo ni wale waliokuwa wakishona seruji, hatamu na viti vya magari ya farasi. Mjini London ukoo wa Connolly, ulioanza biashara yake mwaka 1878, ulitengeneza matandiko ya farasi. Baadaye ngozi yao ikavikwa viti vya Rolls-Royce. Farasi aliondoka, sindano ikabaki.

Tena liko jambo la kushangaza. Katika motokaa nyingi kubwa za zamani, dereva aliketi mbele pasipo paa, akinyeshewa mvua na kupigwa jua, na tajiri aliketi nyuma ndani ya chumba kilichofunikwa. Kiti cha ngozi kilikuwa cha dereva, kwa sababu ngozi huvumilia maji. Tajiri alikalia kitambaa kizuri. Basi ngozi, ambayo leo twaiona alama ya utajiri, iliingia katika motokaa kama kiti cha mtumishi.

Huku kwetu mambo yalifuata njia nyingine. Mbung'o na maradhi yao hawakumwacha farasi wala ng'ombe wa kukokota aishi raha katika nyika iliyo kati ya pwani na bara. Mizigo ilichukuliwa na wapagazi, na njia ya misafara yao ilipita Maungu. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita Voi, ikafika Kisumu mwaka 1901. Motokaa nazo zilijulikana katika nchi ya Taita kwa nguvu wakati wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kwenda upande wa Taveta, na magari ya deraya ya Rolls-Royce yakaletwa Maktau kupigana na Wajerumani. Mwaka 1915 watu wa Kasigau walituhumiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa kwa nguvu na Waingereza mpaka Malindi, ambako wengi walikufa. Kwa hiyo gari halikuja katika nchi hii kama chombo cha starehe.

Baada ya vita motokaa za walowezi, za serikali na za wafanyabiashara ziliongezeka. Viti vilipopasuka, vilipelekwa kwa mafundi wa mijini, ambao wengi wao walikuwa Wahindi, na vijana Waafrika walijifunza kwa kushika taa, kukoroga gundi na kutazama. Wakati huo huo ngozi za ng'ombe na mbuzi wetu zilisafirishwa mbichi kwenda ng'ambo, na mkonge uliolimwa Afrika Mashariki, Voi na Mwatate yakiwa baadhi ya mashamba yake, ulisafirishwa kuwa kamba na bidhaa nyingine. Nyuzi za mkonge zilitumiwa hata kujazia viti. Vitu vilivyotoka kwetu kwa bei ndogo vikaturudia vikiwa kiti cha motokaa kwa bei kubwa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Rangi ya kiti cha motokaa haikuingia mpaka ndani ya ngozi. Kwa kawaida imelala juu yake kama utando mwembamba. Jua la Voi hukausha utando huo, vumbi huusugua, jasho na mafuta ya mwili huulainisha, kisha nyufa hutokea. Fundi mwema huanza kwa kuosha. Huondoa uchafu na mafuta yote, kwa maana rangi haishiki juu ya mafuta. Husugua taratibu kwa msasa laini. Penye tundu hupenyeza kiraka cha kitambaa chini ya ngozi, akakigandisha kwa gundi. Mshono uliofumuka huushona upya kwa kupitisha uzi katika matundu yale yale ya zamani. Kisha hujaza nyufa, huchanganya rangi mpaka ifanane na ile ya asili, na kuipaka mara nyingi, kila mara nyepesi, akingoja ikauke. Mwisho hupaka dawa ya kuilinda.

Fundi mvivu hufanya jambo moja tu: hupaka rangi juu ya ufa. Nilipata kumlipa mmoja wa namna hiyo. Kiti kiling'aa kwa majuma mawili, kisha rangi ikahamia katika shati langu jeupe. Hapo nikaielewa vizuri methali isemayo, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi hii haielekei kwisha. Kanuni ya Kenya huzuia kuingizwa nchini gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na magari mengi yaingiayo yamekwisha kutumiwa kwingine. Viti vyao hufika vikiwa vimechoka. Tena mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya Kenya, ikaonyesha kwamba kazi ndogo za mafundi, ambazo leo twaziita jua kali, hulisha watu wengi na zastahili kusaidiwa, si kufukuzwa barabarani. Leo fundi aliyejifunza kwa mikono aweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali na kupata cheti.

Wala elimu ya shule haipotei hapo. Mwenye kuchanganya rangi apima kwa uwiano. Mwenye kuchagua gundi asoma kemia. Mwenye kuandika bei na kuitimiza ahadi yake afanya hesabu na uadilifu pamoja.

Niliporudi Rukanga nilimweleza mzee yule habari hizi zote, tangu magome ya mikoko mpaka kiti cha dereva anyeshewaye mvua. Alinyamaza kitambo, akatazama mlima, kisha akaniuliza neno moja tu: "Na rangi anayoipaka mwanangu, hudumu?"

Nikamjibu, "Mzee, hilo ndilo swali linalofaa. Muulize yeye."