Reli ya Tanga juu ya meza ya hosteli

Wadau, wiki hii sijasoma kitu. Mimi na mshkaji wangu wa rumu tunajenga reli ya maboksi na waya, na ubishi hauishi.

Tulianza na hesabu. Wapenzi wa treni ndogo kule Ulaya wengi hupunguza kila kitu mara 87. Reli yetu, mita moja kati ya chuma na chuma, inakuwa milimita 11 na nusu. Safi! Lakini Tanga mpaka Moshi ni kilomita 352. Gawanya kwa 87, bado una kilomita 4. Na Mlima? Mita 68. Hosteli yenyewe haifiki hapo.

Basi lazima tukate vituo. Jamaa anataka ya Wajerumani tu: walianza Tanga 1893, kampuni ikafilisika, serikali yao ikaichukua 1899, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Yaani miaka 18!

Nikasema Kahe haikatwi. Ndipo ilipoungana na reli ya kutoka Voi, waliyoisukuma Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza. Babu yangu wa Kibosho alipita hapo kwenda Mombasa na kaka yake kutafuta kazi. Babu akarudi, kaka akabaki. Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa 1977. Hawakuonana tena.

Jamaa kanyamaza kidogo, kisha akachukua gundi. “Sasa hiyo Kahe tunaiweka wapi, huku dirishani?”