Mguu Uleule: Kutoka Baridi ya Ruwenzori Mpaka Bunkeya

Leo nawaletea historia ya mlima, na mtaona namna inavyotufikia mpaka hapa mu Likasi.

Tuanzie mbali kidogo. Mtu akilipia safari ya kupanda milima ya Himalaya kule Nepal, mpango unafanana karibu kila mahali: siku nyingi za kutembea, kiongozi mwenyeji mbele, wapagazi na mizigo, na katikati ya njia mnasimama kwenye nyumba za watawa Wabudha. Moja ni Tengboche, iliyoanzishwa mwaka 1916, karibu mita 3,860 juu ya bahari. Msafara wa Waingereza wa mwaka 1953 ulipiga kambi pale kabla ya kupanda Everest. Tarehe 29 Mei mwaka ule watu wawili walifika kileleni: Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay, Msherpa. Tenzing alichimba theluji akaweka peremende na biskuti, sadaka kwa miungu ya mlima. Jina lake dunia nzima inalijua, na imani yake pia iliingia katika habari.

Sasa niulize: mlima mrefu kuliko yote ya Kongo yetu, ni nani waliupanda na bazungu? Majina ya bale bazee ni nani?

Mlima huo ni Ruwenzori, kule Kivu ya Kaskazini, kwenye mpaka na Uganda. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, cha tatu katika Afrika nyuma ya Kilimanjaro na mlima Kenya. Stanley aliuona mwaka 1888, akiwa karibu na ziwa Albert katika safari ya kumtafuta Emin Pasha. Mwaka uliofuata, mwezi wa 6, alimtuma afisa wake mmoja ajaribu kupanda. Afisa yule aliitwa William Stairs, mzaliwa wa Halifax, Kanada. Lishikeni hilo jina, tutakutana nalo tena.

Stairs aliondoka na Wazanzibari karibu 40. Wale watu walikuwa wametoka kisiwani kwao Februari 1887, zaidi ya 600 pamoja. Walizungushwa kwa meli mpaka mdomo wa mto Kongo, wakavuka msitu wa Ituri kwa njaa na mishale, na wengi sana walikufa. Waliobaki ndio waliambiwa sasa mupande mlima. Walifika karibu mita 3,250. Theluji ilikuwa bado mbali juu, mbele yao kulikuwa na mabonde makali, chakula na nguo za baridi hazikutosha, wakarudi. Stairs alileta mimea chini na Emin Pasha alisaidia kuitambua. Vitabu vinasema "Stairs alipanda". Bale 40 walipanda pia, tena na mizigo mu mgongo, lakini habana majina.

Mimi ni mtu wa kilimo, niruhusuni nisimame kidogo kwenye hiyo mimea. Ruwenzori inapangwa kama ngazi. Chini, upande wa Mutwanga, kuna mashamba ya kahawa na kakao, udongo mzuri sana. Halafu unaingia msitu mzito. Kuanzia karibu mita 2,400 ni mianzi. Ukipita 3,000 unakuta miti ya erika, imefunikwa na kuvumwani inayoning'inia kama ndevu za mzee. Juu zaidi kuna lobelia na senesio kubwa kuliko mtu. Pale mchana jua linachoma na usiku maji yanaganda, kila siku ya Mungu. Senesio inafanya nini? Majani yake yakikauka haiyaangushi, inayaacha yazunguke shina kama koti. Mti unajifunika na wafu wake ili uishi. Kisha mwamba, kisha barafu.

Wanande na ndugu zao Wakonjo wa Uganda walijua ngazi hiyo kabla ya ramani yoyote. Waliwinda kule juu. Kwao mlima una mwenyewe, Kitasamba, na theluji wanaiita nzururu. Ndiyo maana ya Rwenzururu, mahali pa theluji. Kwa hiyo mgeni haingii tu, anaombewa ruhusa kwanza. Hapo Himalaya na Ruwenzori ni ndugu: kiongozi anajua njia, na tena anajua namna ya kuomba mlango.

Tarehe 18 Juni 1906 Duke wa Abruzzi kutoka Italia alifika kileleni pamoja na viongozi wa milima ya kwao, na akakipa kile kilele jina la malkia Margherita. Mwaka 1932 Wabelgiji walikuja na msafara wa sayansi wa Xavier de Grunne, wakapanda kwa upande wetu. Baadaye njia ya Mutwanga ikawa na vibanda vya kulala: Kalonge, Mahangu, Kiondo. Kila mara mizigo ilibebwa na wenyeji.

Turudi kwa Stairs. Miaka miwili tu baada ya Ruwenzori, mwaka 1891, Kampuni ya Katanga ilimpa msafara mwingine, kwa faida ya mfalme Leopold wa Pili. Aliondoka pwani na wapagazi zaidi ya 300, wengi tena Wazanzibari. Tarehe 14 Desemba 1891 alifika Bunkeya, kwa Mwami Msiri. Ndiyo, Bunkeya ile ile yetu.

Tuseme ukweli wote: Msiri hakuwa malaika. Alitoka upande wa Tanzania ya leo, akajenga ufalme kwa shaba, pembe za ndovu na pia watumwa. Lakini nchi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekwisha kukataa. Stairs alipandisha bendera bila ruhusa yake. Tarehe 20 Desemba nahodha Omer Bodson alimpiga Msiri risasi, na yeye mwenyewe akauawa palepale. Ikafuata njaa. Wapagazi wengi hawakurudi pwani tena. Stairs naye alikufa kwa malaria huko Chinde, Msumbiji, Juni 1892. Na mwezi wa 10 wa 1906, mwaka uleule wa Margherita, ikaanzishwa Union Minière, na shaba ikaanza safari yake.

Mnaona? Mguu uliopanda Ruwenzori mwaka 1889 ndio uliokanyaga Bunkeya mwaka 1891. Ni mtu uleule, na tabia ileile: kufika, kupima, kupandisha bendera, kuandika jina. Pale mlimani alirudishwa na mabonde. Bunkeya haikuwa na mabonde ya kuilinda.

Jambo la majina sisi wa Likasi tunalijua. Mji wetu uliitwa Jadotville, jina la Jean Jadot, mpaka mwaka 1966. Nasi tukafurahi kurudishiwa Likasi. Wakati wa Zaire mlima Stanley nao ulipewa jina jipya: Ngaliema. Lakini Ngaliema ni nani? Ni chifu wa upande wa Kinshasa, aliyekutana na Stanley kule kwenye mto. Ruwenzori haikuwa kwao. Tulimtoa mgeni wa mbali tukaweka mgeni wa karibu, na watu wa Mutwanga hatukuwauliza. Ndiyo maana nasema kubadilisha kibao ni kazi rahisi, kuuliza mwenyeji ndiyo kazi.

Leo mambo mawili yanatusukuma tusichelewe. La kwanza ni barafu. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilikuwa karibu kilomita 6.5 za mraba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibaki chini ya 1. Nzururu inaisha, na neno lenyewe litabaki bila kitu chake. La pili ni vita. Ruwenzori ya upande wetu iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, urithi wa dunia tangu 1979, lakini upande wa Beni watu wanauawa kwa mapanga na risasi tangu mwaka 2014. Mzee anayejua njia ya Kiondo akikimbia na godoro kichwani, anakimbia na njia yake. Kijana wake atakulia kambini, hataijua.

Mtu atasema: wewe wa Likasi, Ruwenzori utafika lini? Ni kweli, ni mbali na ni hatari. Lakini Bunkeya haiko mbali. Kila tarehe 20 Desemba Wayeke wanakusanyika pale kumkumbuka Msiri. Wengi wetu tuna lisansi mu mkono na hatujafika hata siku moja. Tunajua picha za Nepal kuliko kaburi la jirani.

Basi pendekezo langu kwa shirika ni hili: mwaka huu twende Bunkeya pamoja. Tusiende kama msafara wa Stairs. Tutume mtu mbele aombe ruhusa kwa mwami, tutafute kiongozi mwenyeji na tumlipe vizuri, na tukirudi tuandike jina lake kwanza kabla ya majina yetu. Na kama kati yetu kuna mtu ambaye babu yake alibeba mizigo ya bazungu, mu Katanga ao mu Kivu, atuandikie hilo jina hapa chini. Hata moja tu, tutaanza nalo.