Gitaa la nailoni na miti ya Ukambani

KATIKA nyika za Kitui na Makueni huota miti miwili ambayo mbao zake zaweza kuingia katika uundaji wa gitaa la nyuzi za nailoni: mpingo, uitwao muvingo kwa Kikamba, na mukau.

Gitaa hilo lina nyuzi 6. Hadi miaka ya 1940 zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama, ndipo Albert Augustine wa New York alipoanza kutumia nailoni. Nyuzi 3 nyembamba ni nailoni tupu. 3 nene zina kiini cha nailoni kilichozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Umbo lake linafuata kazi ya fundi Mhispania Antonio de Torres (1817-1892).

Kwa kuwa nailoni haivuti kwa nguvu kama chuma, sanduku lake huwa jepesi. Ubao wa uso, wenye unene wa milimita 2 hadi 3, hutoka kwa miti ya jamii ya msonobari inayokua polepole katika nchi za baridi. Chini yake hubandikwa vijiti vilivyotawanyika mfano wa upepo wa kupepea moto.

Mgongo, mbavu na ubao wa vidole huhitaji mbao ngumu. Hapo ndipo mpingo unapofaa, kwani ni mzito hata huzama majini, na hauliki upesi kwa msuguano wa nyuzi. Shingo kwa kawaida huchongwa kwa mkangazi, na mukau ni wa jamii hiyo hiyo. Isitoshe, hauliwi na mchwa.

Tofauti kubwa ya miti hiyo ni umri. Mukau huvunwa baada ya miaka 10 hadi 15, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) imeboresha mbegu zake huko Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Mpingo huhitaji miaka 70 au zaidi, ilhali hukatwa kwa vinyago na makaa.

Mwaka 2017 mkataba wa CITES uliwekea biashara ya kimataifa ya mpingo masharti ya vibali. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa masharti hayo, lakini magogo yakabaki. Hivyo basi, sheria humpendelea auzaye gitaa kuliko auzaye gogo. Hata hivyo, mpingo unaoteketea tanuruni leo, hata ukipandwa mwingine papo hapo, mbao zake zitawafaa wajukuu tu.