Mzigo Hauogopi Mlima, Unaogopa Mteremko: Historia ya Kuvuta Vizito Kati ya Tanganyika na Kivu



Katika mkutano wetu uliopita hapa Nyantende, swali moja lilitukalisha mpaka giza: feza iliyokusanywa inunue kamyo moja kubwa, ao kamyo ya kati pamoja na remorki ya kufunga nyuma? Wengi walipenda remorki. Walisema shofa ni mmoja, mazutu ni ya gari moja, na mizigo ni ya mara mbili. Wengine walinyamaza. Hao walikumbuka mabati ya mwaka jana, wakati remorki tuliyokodi ilipoanza kusukuma kamyo toka nyuma kwenye mteremko, mpaka zote mbili zikaingia mtaroni. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyekufa. Lakini jamaa sita zilizokuwa zimerudi toka ukimbizini zililala chini ya shitingi msimu wote wa mvua.

Kamati iliniomba niandike kidogo juu ya mambo ya zamani, kwa sababu swali hili si jipya. Babu zetu waliliona, na Wazungu waliokuja na mashini zao waliliona pia.

Mwanzo kabisa, gari lilikuwa bega la mtu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 25 ao 30, na kila kitu kilipaswa kugawanywa kufuata kipimo hicho. Katika vita vya 1914–1918, wakati majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yalipotoka upande wa Kivu na kuingia Rwanda, Burundi, mpaka Tabora katika Septemba 1916, wanaume wengi sana walichukuliwa kubeba chakula na risasi. Wengi hawakurudi. Basi tukisema “usafirishaji”, tukumbuke kwamba kwetu neno hilo lilianza na shingo na mgongo wa watu.

Vita hivyo hivyo vilileta habari ya ajabu ya kuvuta vizito, na ilitokea katika Kongo yetu. Wadachi walikuwa na nguvu juu ya ziwa Tanganyika. Waingereza wakaamua kuleta mashua mbili za mota, zilizoitwa Mimi na Toutou, kila moja karibu mita 12 kwa urefu. Mkubwa wa safari alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Mashua zilitoka Uingereza kwa meli katikati ya 1915, zikashushwa Cape Town, zikapanda treni mpaka Katanga. Mwanzo wa Agosti zilifika Fungurume. Hapo reli ilikwisha. Mbele yao palikuwa na zaidi ya kilometa 200 za pori na milima ya Mitumba, mpaka Sankisia ambako reli nyingine ilianza.

Walichagua nini cha kuvuta? Walileta mashini mbili za mvuke, zile zenye magurudumu makubwa ya chuma, na remorki za kubebea mashua. Kwenye karatasi nguvu ilitosha. Njiani wakajifunza mambo matatu.

La kwanza, mashini yenyewe ilikuwa nzito kuliko njia. Madaraja yalipaswa kujengwa ao kutengenezwa upya, zaidi ya 100, kwa miti iliyokatwa palepale na watu wa vijiji. Mwenye kuhesabu uzito wa mzigo na kusahau uzito wa gari linalovuta, daraja litamkumbusha.

La pili, mashini ya mvuke inakula. Inataka kuni na maji kila siku, na Agosti na Septemba ni kiangazi kule. Maji yalipopunguka, wanawake wa vijiji waliyaleta kwa vyungu juu ya kichwa, toka mbali. Vitabu vingi vinasifu mashini na vinasifu maofisa. Lakini bila wale mama, mashini zingebaki pale zikiota kutu.

La tatu, kwenye miinuko mikali nguvu ya mashini peke yake haikutosha. Walifunga ng’ombe wengi pamoja, walitumia kamba za chuma na pulei, walisogeza mzigo kidogo kidogo, wakitia vigingi nyuma ya magurudumu. Na kushuka kulikuwa na hatari kuliko kupanda, kwa maana remorki haina akili. Inafuata mteremko tu.

Mwisho wa Septemba walifika Sankisia. Toka pale walipanda treni ndogo mpaka Bukama, wakashuka mto Lualaba mpaka Kabalo, wakapanda treni tena kwenda Tanganyika, upande wa Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliikamata Kingani ya Wadachi, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazama.

Sasa tazameni upande wa pili. Wadachi nao walileta meli ziwani, kubwa zaidi sana: Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa ndani ya masanduku karibu 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni mpaka Kigoma. Huko iliunganishwa upya, na mwaka 1915 ikashuka majini. Waingereza walivuta mzigo mzima, njia ikawatesa. Wadachi waligawa mzigo, na meli kubwa kuliko zote ikafika. Kabla ya kuuliza “tununue kamyo gani?”, tuulize kwanza: huu mzigo unaweza kugawanywa?

Turudi kwetu. Ziwa Kivu liko juu kama mita 1,460. Ziwa Tanganyika liko chini yake kwa karibu mita 700. Ruzizi inashuka tofauti hiyo yote, na kila mfuko wa simenti unaotoka Uvira kuja Bukavu lazima uipande. Wakati wa Wabelgiji walijenga reli toka bandari ya Kalundu, karibu na Uvira, ikapita bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola. Ilianza kazi katika miaka ya 1930. Lakini Kamanyola ikasimama, chini ya mlima. Toka pale mpaka Bukavu, iliyoitwa wakati ule Costermansville, mizigo ilipakiwa juu ya kamyo kwa njia ya Ngomo. Reli iliachwa kabla ya uhuru wa 1960. Kamyo zimebaki, na mlima umebaki.

Kila anayejua Ngomo anajua maneno ya mashofa wazee. Mmoja wao, jirani yetu hapa, aliniambia hivi: “Mutoto wangu, kamyo haikufake mu kupanda. Ikishindwa kupanda, inasimama, unatia jiwe. Inakufaka mu kushuka.”

Muzee huyu hakusoma fizikia, lakini hesabu inamkubali. Kwenye njia inayoshuka mita 10 kwa kila mita 100, remorki ya tani 10 inasukuma kwa nguvu ya karibu tani 1. Ni sawa na mifuko 20 ya simenti inayokusukuma mgongoni bila kuchoka. Kama remorki haina freni zake yenyewe, freni za kamyo zinabeba kazi yote. Zinapata moto, na freni yenye moto sana haishiki tena. Hapo shofa anabaki na sala peke yake. Ndiyo maana mashofa wazuri wanashuka kwa vitesi vya chini, wakiacha mota ishike gari, na wanagusa freni kidogo tu.

Tuongeze jambo la hewa. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Mota isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu 1 kati ya 100 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa kimo cha Bukavu, hiyo ni karibu sehemu 15 kati ya 100. Muuzaji akikuambia kamyo hii inavuta tani fulani, uliza: inavuta huko pwani, ao inavuta kwetu?

Kwa hiyo, maoni yangu kwa kamati ni haya. Tununue kamyo ya kati, yenye mota ya turbo na vipuri vinavyopatikana Bukavu bila kungoja miezi. Remorki tusiikatae, lakini tusiinunue kama haina freni zake za hewa zilizounganishwa na za kamyo, na mnyororo wa pili wa usalama kwenye kiungo. Ikipatikana, ifanye kazi kati ya Nyantende na mji tu. Kwenye Ngomo kamyo iende peke yake, hata kama tutafanya safari mbili. Mzigo mzito uwekwe juu ya ekseli, usiwekwe wote mkiani, kwa sababu remorki yenye mkia mzito inayumba. Na mashini ya kusaga tunayoingoja ifunguliwe vipande, iletwe kama Götzen, isiletwe kama Mimi na Toutou.

Najua hii itawahuzunisha waliotaka kuona gari refu kwenye picha ya ripoti. Wafadhili wetu, tunawaomba mtuelewe: safari mbili zinazofika zinajenga nyumba nyingi kuliko safari moja inayoishia mtaroni.

Neno la mwisho. Ile Götzen, Wadachi wenyewe waliizamisha Julai 1916 wasiiachie adui. Waingereza waliiinua toka chini ya maji katika miaka ya 1920, wakaipa jina Liemba, ikarudi kazini 1927. Mwaka 1997 Liemba hiyo hiyo ilivusha ziwa makumi ya maelfu ya wakimbizi wetu waliokuwa wakirudi toka Tanzania. Pengine kati yenu kuna waliokaa juu ya sakafu yake na godoro na sufuria. Meli ile iliyofika kwa masanduku ndiyo iliyorudisha watu nyumbani.

Tutaonana mkutanoni. Kila mwanachama aje na swali lake, na mashofa waje wote.