Simba Walipata Kamera Kabla ya Msondo

Ukipanda kutoka Karatu mjini, ukapita geti la Lodoare na kuendelea hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, utakuta mnara mdogo wa mawe. Wageni wengi husimama hapo dakika moja, wanapiga picha, wanarudi kwenye gari. Pale amezikwa Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyefariki Januari 1959 baada ya ndege yake, iliyopakwa milia kama pundamilia, kuanguka. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti na Ngorongoro kutoka angani, na wakati huohuo wakitengeneza filamu. Filamu ikatoka mwaka huohuo wa 1959, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Oscar. Baba mtu alipofariki 1987, majivu yake yaliletwa yakazikwa kando ya mwanawe.

Kabla vumbi halijatulia wakaja Wamarekani. Howard Hawks alileta kamera, magari na John Wayne mwenyewe hadi Tanganyika, wakapiga picha Arusha na nyanda za jirani, Ngorongoro ikiwemo. Filamu ilitoka 1962 na ikaitwa kwa neno letu, *Hatari!* Muziki wake alitunga Henry Mancini. Yaani jina Kiswahili, faru wetu, vumbi letu, na ngoma kutoka Hollywood.

Sina ugomvi na filamu hizo. Nazitaja kwa sababu ya tarehe. Mwaka 1962 faru wa Ngorongoro alikuwa ameshaonekana kwenye majumba ya sinema ya Ulaya na Marekani, kwa rangi. Mwaka huohuo Salum Abdallah alikuwa hai, akiimba Morogoro na Cuban Marimba, akiwa amebakiwa na miaka mitatu tu ya kuishi. Dar es Salaam Jazz ilikuwa na umri wa miaka 30. Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, zote zilikuwa zinajaza kumbi. Waliobeba kamera walipita kwenye barabara zilezile wakienda kutafuta wanyama. Muziki wa dansi haukuwa kwenye orodha yao.

Halafu sisi wenyewe tukachelewa. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikawa gumzo la Afrika nzima. Huku Bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliona runinga ni anasa ambayo nchi maskini haiwezi kuibeba, na kwamba ingewanufaisha watu wachache wa mjini kuliko mkulima wa kijijini. Hoja ile ilikuwa na mantiki yake, na mimi niliyezaliwa Karatu siwezi kuicheka. Umeme wenyewe ulikuwa wapi? Lakini gharama yake moja hatukuihesabu wakati ule. ITV ilipoanza kurusha matangazo 1994, bendi ya NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa imeshatimiza miaka 30. Ujana wake wote ulikuwa umepita bila runinga ya nyumbani kuuona.

Tulichokuwa nacho ni redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa studio, ndiyo ilikuwa duka la santuri, ndiyo ilikuwa maktaba. Bendi ziliingia pale zikarekodi, kanda zikawekwa rafu, na jioni nyimbo zikasafiri hewani hadi kwenye milima yetu. Kwa wazee wa Karatu, bendi ilikuwa ni kitu kinachotoka kwenye redio ya mkulima iliyowekwa dirishani. Betri zikichoka zinaanikwa juani, zinarudishwa, unapata wimbo mmoja na nusu. Baba yangu alijifunza majina ya waimbaji wa NUTA kabla hajawahi kufika hata Moshi. Sauti za watu asiowajua sura zilimfundisha Kiswahili cha mapenzi, cha kugombana na mke na cha kumwomba radhi, wakati nyumbani kwao lugha ni Kiiraqw.

Bendi yenyewe historia yake ni kama historia ya nchi iliyofupishwa. Ilianza kama bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA, wanamuziki wakiwa waajiriwa wenye mshahara, na vyombo vikiwa mali ya chama. Chama kilipogeuka Juwata, bendi ikawa Juwata Jazz. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, siasa za vyama vya wafanyakazi zilipobadilika, ikawa OTTU Jazz. Mwisho ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma, jina ambalo mashabiki walikuwa wakilitumia siku zote bila kujali karatasi zinasemaje. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake, Muhidin Maalim Gurumo akiwa miongoni mwao, waliondoka kwenda kuanzisha Mlimani Park, na hapo ukazaliwa ule upinzani wa Msondo na Sikinde ambao hadi leo unaweza kuwatenganisha ndugu wawili wanaokula sahani moja.

Sasa turudi kwenye kamera. Kwenye kundi letu la familia, binamu yangu anayeishi Dar alirusha video ya dakika sita na ushee, aliyoichukua kwa simu kwenye ukumbi ambao Msondo walikuwa wakipiga. Ukiitazama kwa jicho la fundi ni mbovu. Inaanza katikati ya ubeti. Besi inapasuka. Kichwa cha mtu mwenye kofia kinaziba nusu ya jukwaa kwa zaidi ya dakika moja, na mhudumu anapita na chupa. Mpiga picha naye anaimba, tena anaimba kwa nguvu, kwa hiyo unamsikia yeye kuliko mwimbaji.

Nilimwonyesha baba. Mzee aliisikiliza bendi hii kwa zaidi ya miaka 40, ila hakuwahi kuiona ikipiga. Alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo na macho, akanyamaza hadi ikaisha. Kisha akasema, "Kumbe wapo wachache hivi? Mimi nilidhani ni jeshi zima." Akataka irudiwe. Mara ya pili aliniuliza yule mwenye gitaa la solo ni yupi, nikamwonyesha, akacheka peke yake. "Na amekaa kwenye kiti!" Alikuwa amelisikia gitaa lile likirukaruka miaka yote, akaamini kwamba hata mpigaji wake anarukaruka.

Nilipoitazama tena usiku ule, niliona vitu ambavyo kanda ya redio haiwezi kunipa. Studio ilirekodi wanamuziki bila watu. Santuri ndogo ilikuwa na upande mmoja wa dakika chache, ndiyo maana nyimbo nyingi zilikatwa zikawa sehemu ya kwanza na ya pili, unageuza katikati ya utamu. Ukumbini wimbo hauna haraka. Ubeti unakwenda taratibu, watu wanakaa, wanasikiliza kisa, maana dansi letu ni hadithi kwanza. Halafu gitaa linabadilika, ngoma zinapanda, chemko linaanza, na wale waliokuwa wakisikiliza kisa cha ndoa iliyovunjika wanainuka kucheza juu ya ndoa hiyohiyo. Kwenye video ya binamu unauona ule mpaka kati ya kusikiliza na kucheza. Meza zinabaki tupu ndani ya sekunde kumi hivi.

Unaona pia kutunza. Mama mmoja wa makamo anatoka kwenye meza yake bila haraka, anacheza hadi jukwaani, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, anarudi akicheza vilevile. Mwimbaji haachi kuimba. Anaingiza jina la mtu kwenye kiitikio, ukumbi unapiga kelele. Wimbo uliotungwa zamani umepata mstari mpya uliodumu usiku mmoja. Sisi tunaopenda fasihi huwa tunasema kwamba fasihi simulizi hubadilika kila inapotendwa, na hadhira ni sehemu ya utendaji. Tunafundishwa hivyo darasani kwa mifano ya ngano za sungura na fisi. Mfano hai upo ukumbini kila wiki, na anayeuhifadhi ni shabiki mwenye bia mkono mmoja na simu mkono mwingine.

Wenzetu wa muziki wa roki waliligundua hili mapema. Led Zeppelin walipigwa filamu kwa kamera za sinema kule Madison Square Garden, New York, Julai 1973, na filamu ikaingia kwenye majumba 1976. Hiyo ni njia ya wenye fedha. Lakini Grateful Dead waliwaachia mashabiki warekodi wenyewe, na mwaka 1984 wakawatengea kabisa eneo la kusimama na maikrofoni zao ukumbini. Mashabiki wale waliandika kila kanda: tarehe, mji, ukumbi, mpangilio wa nyimbo. Leo anayetaka kujua bendi ile ilipiga nini usiku fulani ana pa kuanzia, na pengine ataisikia hadi mtu akikohoa. Bendi haikufilisika kwa sababu hiyo. Ilijipatia wahifadhi wa kumbukumbu wasiodai mshahara.

Sisi hatuna muda mwingi. TX Moshi William alifariki 2006. Gurumo alifariki Aprili 2014, Shaaban Dede akamfuata Julai 2017. Gurumo ndiye mfano unaoniuma zaidi. Mwaka 2013, alipokuwa ameamua kupumzika baada ya zaidi ya nusu karne ya kuimba, Diamond Platnumz alimkabidhi gari, akiwa amesikia kwamba mzee yule hakuwahi kumiliki hata moja. Tukio lenyewe lilifanyika kwenye uzinduzi wa video ya Diamond. Kijana ambaye kila wimbo wake una video anamshukuru mzee ambaye miaka yake bora ilibaki kwenye kanda za sauti. Wengi tuliguswa na gari. Mimi nilikuwa naifikiria ile video.

Kwa hiyo simu za mashabiki zimekuja zimechelewa, zimekuta wazee wamekaa kwenye viti na baadhi ya sauti zimeshaondoka. Bado zimekuta kitu. Hofu yangu ni kwamba tunakiokota na kukipoteza mkono huohuo. Simu ikijaa, video ya Msondo ndiyo inafutwa kwanza ili picha za harusi zipate nafasi. Simu ikiibwa, basi. Na zinazopandishwa mtandaoni nyingi huandikwa "Msondo noma sana" na vikatuni vitatu vya moto, bila tarehe, bila ukumbi, bila jina la wimbo wala la aliyekuwa anapiga solo. Baada ya miaka 30 mtafiti atakayeikuta atakuwa kama baba yangu na redio yake, isipokuwa yeye ataona sura bila kujua ni za nani.

Kanda za Radio Tanzania ziliandikwa majina. Mtangazaji alitaja bendi, akataja wimbo, ndiyo maana mzee wa Karatu aliwajua watu ambao hakuwahi kuwaona. Nidhamu hiyo haihitaji mfadhili. Nilimpigia binamu nikamuuliza ilikuwa lini, wapi, wimbo gani, nani alikuwa kwenye solo. Tarehe na ukumbi alivijua, wimbo tuliutambua pamoja, jina la mpiga tumba ilibidi amuulize jirani yake wa meza, shabiki wa Msondo wa miaka mingi. Tumeandika yote chini ya ile video na kuihifadhi sehemu tatu. Kazi yote ilichukua nusu saa.